Agizo linatoka ofisini vizuri, likifika bandarini ni kitu kingine. Tunakosea wapi?

wa_Kurasini (mleta mada)

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wale wanaosimamia watu kwenye kazi za kukimbizana kama zetu za uwakala wa forodha.

Mpangilio uko hivi: watu wa nyaraka wako ofisini, Posta hapa Dar, vijana wa nje wako bandarini na kwenye bandari kavu, madereva wako barabarani. Jumla watu 14. Kutwa nzima ni simu na grupu la WhatsApp. Yanayotusumbua:

- Ukitoa agizo kila mtu anajibu "sawa bosi", halafu kinachofanyika ni kingine. Ukiuliza, kila upande una hakika kwamba ndivyo ilivyosemwa.
- Namba za makontena na muda vinakosewa kwenye simu. Kosa la tarakimu moja linakula siku nzima, na storeji ya bandari (malipo ya mzigo kukaa) pamoja na demareji ya meli (malipo ya kuchelewesha kontena) havimsubiri mtu.
- Grupu limejaa. Agizo linatumwa saa 3 asubuhi, likifika saa 5 limezikwa na "amen" na picha za foleni.
- Mtu akikwama hasemi. Unajua jioni, wakati ofisi za watu zimefungwa.

Naomba hatua za kufanya. Msiniambie tuwe na ushirikiano na upendo kazini, hilo bango lipo ukutani tayari.

---

FundiZamu

Mkuu, tatizo lako la kwanza ndilo linalozaa mengine, nianze nalo.

Mtu akikujibu "sawa", unachojua ni kwamba amesikia sauti yako. Alichokielewa hukijui. Wenzetu wa ndege walilipa gharama kubwa kwa jambo hilihili. Tarehe 27 Machi 1977 katika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia wakafa watu 583. Kulikuwa na ukungu, na sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ni mazungumzo ya redio. Rubani msaidizi wa KLM alisema maneno ambayo mnarani yangeweza kueleweka kuwa "tuko tayari kuruka", kumbe ndege ilishaanza kukimbia. Mwongozaji akajibu "OK", kisha akaongeza wasubiri. Hilo la kusubiri halikusikika vizuri kwa KLM, kwa sababu Pan Am nao walikuwa wakiongea sekunde hizohizo na redio ikapiga mluzi. Kilichobaki masikioni mwa marubani ni ile OK.

Baada ya hapo masharti ya mazungumzo ya redio yalikazwa: neno la kuruka litajwe tu pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na rubani arudie ruhusa aliyopewa, asijibu "OK" peke yake.

Kwenye kazi yako utaratibu ni uleule. Mtoa agizo anasema. Mpokeaji anarudisha kwa maneno yake mwenyewe. Mtoa agizo anathibitisha au anasahihisha. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa sana: kijana anarudisha vibaya, bosi ameshageukia simu nyingine, na kosa linaondoka na baraka zote. Ukishamwomba mtu arudie, nyamaza umsikilize mpaka mwisho.

Acha kuuliza "umeelewa?" Jibu lake la adabu ni moja tu, kila mtu analijua. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: "Utaanzia wapi?" "Pale getini utawaonyesha karatasi gani?" "Wakikuambia DO (hati ya wakala wa meli ya kuruhusu mzigo utoke) haionekani kwenye mfumo, utafanyaje?" Hilo la mwisho ndilo linalotoa siri zote.

Sasa agizo lenyewe. Ninyi mnatuma hivi: "Mwambie Juma afuatilie lile kontena la mteja wa Kariakoo, ni la haraka." Lipi? Kufuatilia ni kufanya nini hasa? Haraka ni leo au wiki hii? Na Juma akikwama ampigie nani? Agizo linalosimama kwa miguu yake linasema nani, nini, wapi, mwisho saa ngapi, na akikwama afanye nini. Ongeza na sababu, kwa ufupi. Watu wengi wanaona sababu ni anasa, lakini ndiyo inayomwezesha mtu kuamua vizuri usipokuwepo. Kijana anayejua kwamba siku za bure (ambazo mzigo hautozwi) zinaisha kesho, akikuta foleni ndefu hatarudi nyumbani kimyakimya. Asiyejua atarudi, na hutakuwa na cha kumlaumu.

Kwa simu usipitishe mambo matatu kwa mkupuo. La nne likija, andika.

---

Tali_Klaki

FundiZamu kasema. Mimi nishike hilo la namba, maana hapo mambo ni ya kihesabu kabisa.

Namba ya kontena haikutungwa ovyo. Ina herufi nne (tatu za mwenye kontena, ya nne kwa makontena ya mizigo ni U), tarakimu sita za mfululizo, na tarakimu moja ya mwisho inayochorwa ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho ni ya kukagulia, inakokotolewa kutoka kwenye zile herufi na tarakimu kumi za mwanzo. Utaratibu huu unaitwa ISO 6346. Namba ikikosewa njiani, mara nyingi hesabu inagoma na unajua papo hapo, kabla hujamtuma mtu getini.

Jinsi ya kukokotoa: kila herufi ina thamani yake. A ni 10, B ni 12, C ni 13, unaendelea hivyo mpaka Z ambayo ni 38, ila 11, 22 na 33 zinarukwa. Kila nafasi inazidishwa: ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unarudufu mpaka ya kumi ambayo ni 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, baki ndiyo tarakimu ya mwisho.

Mfano unaotumika sana kufundishia ni CSQU 305438 3. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Herufi peke yake zinatoa 13 + 60 + 112 + 256 = 441. Tarakimu zinatoa 48 + 0 + 320 + 512 + 768 + 4096 = 5744. Jumla 6185. Ukigawanya kwa 11 inabaki 3. Imekubali. Sasa chukulia mtu kwenye simu amegeuza 5 na 4, akaandika 304538. Jumla inakuwa 6249, baki ni 1, wakati kisanduku kinasema 3. Umemkamata.

Hakuna anayefanya hesabu hii kwa kichwa juani. Mtu wa nyaraka aiweke kwenye Excel mara moja, kila namba inayopokelewa kwa simu ipite hapo kwanza.

Upande wa kutamka, tatizo letu kubwa ni sita na tisa, halafu ndugu zao sitini na tisini. Kwenye kelele za kreni vinafanana kabisa. Kwa hiyo:

Usisome kwa makumi na mamia. Soma tarakimu mojamoja, tatu kwanza, pumzika, tatu nyingine, pumzika, ya mwisho. "Tatu sifuri tano. Nne tatu nane. Kisanduku, tatu." Anayepokea arudie kwa mapumziko hayohayo. Penye sita au tisa, kama laini ni mbaya, ongeza kitambulisho: "sita, baada ya tano", "tisa, kabla ya kumi". Wengine huita kwa Kiingereza hizo mbili tu, nayo inafaa mradi ofisi nzima ikubaliane.

Herufi nazo tunazitamka Kiingereza, kwa hiyo bi, di, ti, pi na vi zote ni sauti moja kwenye simu yenye upepo. Tumieni miji: B Bagamoyo, D Dodoma, T Tanga, P Pangani, M Morogoro, N Njombe, S Singida. V haina mji unaosikika vizuri, wekeni Vingunguti. Q na X hazichanganywi na kitu, ziacheni.

Halafu saa. Hapa Dar tunaongea saa za Kiswahili, mifumo na karatasi vinaandika saa 24. "Tukutane saa 8" kwa kijana wako ni mchana, kwa mteja aliyezoea saa za kizungu ni asubuhi. Tofauti ni saa sita kamili na lori linalala. Kwenye maandishi wekeni zote mbili daima: saa 8 mchana (14:00). Na msiandike "usiku wa Jumanne". Kwa wengine huo ni usiku unaotangulia Jumanne, kwa wengine ni usiku unaoifuata. Andikeni "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa 7 usiku (01:00)". Ndefu, lakini haina mjadala.

Tarehe mwezi uandikwe kwa jina. 05/06 mtu mmoja anasoma Juni, mwingine Mei.

---

wa_Kurasini

Asanteni sana, haya ndiyo madini niliyokuwa nayatafuta. Maswali mawili yameibuka hapohapo.

La kwanza: tuna madereva watu wazima, wengine umri wa baba zetu. Kumwambia mzee wa miaka 60 "hebu rudia nilichosema" naona kama kumgeuza mwanafunzi. Vijana wangu wa ofisini hawataweza.

La pili: bosi mkubwa anatuma maagizo kwa sauti, dakika nne, akiwa kwenye gari. Mambo saba ndani yake, na mawili kati ya hayo ni salamu.

---

Bi_Utawala

Hilo la wazee lina dawa, na haliko kwenye utaratibu bali kwenye namna ya kuomba. Mzigo wa kosa ubebe wewe unayetoa agizo. Usimpime yeye, jipime wewe:

"Shikamoo mzee. Leo nina mambo mengi kichwani, naogopa nisije nikawa nimekupa namba vibaya. Hebu nisomee ulivyoandika nilinganishe na karatasi yangu."

Hapo mzee anakusaidia wewe. Hajashushwa. Tena salamu isiachwe eti kwa sababu kuna haraka. Kijana akimpigia dereva mzee akaanza moja kwa moja "uko wapi?", atapewa majibu ya mkato siku nzima, na majibu ya mkato ndiyo yanayokosa taarifa muhimu. Salamu haimalizi hata sekunde kumi.

Ikiwa utaratibu unawahusu wote, wazee hawataona wameonewa. Anza na bosi mkubwa: yeye akipokea taarifa kutoka kwa kijana, airudishe kwa sauti mbele ya watu. Kijana akimsikia mkurugenzi anasema "ngoja nirudie, umesema lori mbili zimetoka, moja bado iko mizani", hatapata shida kumrudishia dereva. Isipofanyika juu, chini itadumu wiki moja.

Sasa hilo la watu kuficha wakikwama. Mleta mada umelipitia haraka, lakini naona ndilo zito kuliko yote. Jiulize mambo mawili: mtu wa mwisho kuleta habari mbaya alijibiwaje, na storeji ikitokea nani analipa?

Tukianza na la pili: ofisi nyingi zina tabia ya kukata mshahara wa kijana pale mzigo unapochelewa. Ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuruhusu kukata kiholela. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Umpe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi ulivyokokotoa. Umpe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mbali na sheria, tazama inavyoathiri mawasiliano: kila mtu akijua kwamba kusema "nimekwama" ndio mwanzo wa kukatwa, atanyamaza akitumaini mambo yatajirekebisha. Ukimya wa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni ndio unaozaa storeji yenyewe.

La kwanza ni maneno ya bosi katika nusu dakika ya mwanzo. Habari mbaya ikija, jibu la kwanza liwe swali la kazi: "Muda uliobaki ni kiasi gani? Unahitaji nini kutoka kwangu?" Swali la "ilikuwaje ukafanya hivyo?" lipo na litaulizwa, ila baada ya mzigo kutoka.

Na ukilirudia, mrudie mtu pembeni. Mlango umefungwa, wawili tu, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Sema kitu ulichokiona, matokeo yake, na unachotaka kibadilike. "Jana saa 5 uliambiwa DO ina kasoro, ofisi ilijua saa 10. Wakala wa meli alikuwa ameshafunga, tumeingia siku ya ziada. Kuanzia leo, DO ikikataa, nipigie kabla hujatoka kwenye foleni." Basi. Usiongeze "wewe kila siku uko hivyo". Ukishasema "kila siku", mjadala unahama kutoka kwenye DO kwenda kwenye tabia yake, na atakutajia siku zote ambazo hakuwa hivyo.

Kama kosa ni kubwa na mnaelekea kwenye kikao cha nidhamu, msilifanye kwenye grupu wala kwa simu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Ujumbe wa hasira uliotumwa usiku kwenye grupu unaweza kuja kusomwa mbele ya msuluhishi wa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), pamoja na emoji zake.

---

Mzee_wa_Vumbi

Mnazunguka sana. Lipeni watu vizuri na kwa wakati, mtaona kama kuna atakayesahau namba.

---

Bi_Utawala

Mzee, mshahara mzuri unamfanya mtu atake kusikia. Sita na tisa zitaendelea kufanana hata akilipwa kwa dola.

---

Admini_wa_Grupu

Mimi niongelee WhatsApp maana ndiko mnakofia.

Grupu moja la kila kitu livunjwe. Fungueni mawili tu, msizidishe. La kwanza la kazi, ambalo ndani yake kila ujumbe unahusu mzigo. La pili la salamu, harusi, misiba na mpira. Msilifute hilo la pili mkidhani mnaokoa muda, hizo "amen" zitahamia kwenye la kazi siku hiyohiyo.

Kwenye la kazi, ujumbe wa agizo uanze na jina la mhusika kwa alama ya @, kisha namba ya kontena au TANSAD (tamko la forodha), kisha kitendo, kisha muda. Agizo lisilo na jina ni la watu wote, na la watu wote halifanywi na mtu. Anayejibu ajibu kwa kuuvuta ujumbe wenyewe, asiandike "sawa" inayoelea chini, kwa sababu zikiwepo oda tatu hujui sawa ni ya ipi. Dole gumba maana yake iwe moja tu na mkubaliane mapema. Kwa wengi linafaa kuwa "nimeona". "Nimefanya" iandikwe kwa maneno, pamoja na saa.

Msitegemee tiki mbili za bluu. Kwenye grupu hazigeuki bluu mpaka wanachama wote wawe wamesoma, kwa hiyo dereva mmoja aliyeisha bando anaziacha kijivu kutwa nzima. Aliyetuma abonyeze ujumbe wake afungue taarifa zake, ataona orodha ya waliosoma na waliofikiwa tu. Hata hivyo kusoma siyo kuelewa, tumerudi kwa FundiZamu.

Ujumbe unaweza kubandikwa juu ya grupu, hadi mitatu, kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Asubuhi bandikeni mmoja: orodha ya makontena ya leo na mwenye kila moja. Jioni unaondolewa. Ukishabandika mambo ya wiki iliyopita, watu wanaacha kutazama huko juu.

Jambo lingine linaloleta fujo: kuhariri. WhatsApp inakuruhusu kubadili ujumbe ndani ya dakika 15. Kwa namba msihariri kamwe. Kijana ameshanakili ile ya kwanza, wewe umebadilisha kimyakimya, na sasa mna namba mbili zinazodai ujumbe mmoja. Tuma mpya: "SAHIHISHO, ile ya saa 3:10 iachwe."

Sauti za bosi. Hapa sikubaliani na wanaotaka zipigwe marufuku. Mtu aliye kwenye usukani hawezi kuandika na hatakiwi kuandika, na sauti hubeba msisitizo ambao maandishi hayana. Ubaya wake ni kwamba ukitafuta kwenye grupu kwa namba ya kontena, kilichosemwa kwa sauti hakitokei. Wiki mbili baadaye hakipo. Kwa hiyo mpeni bosi sauti yake, ila teueni mtu mmoja ofisini wa kuiandika kwa mistari ndani ya dakika 10, na bosi aijibu kwa neno "ndivyo". Faida ya pembeni: bosi akisoma mambo saba yake yameandikwa meusi kwa meupe, mara inayofuata atatuma manne.

Na picha za vitambulisho, pasipoti na TIN za wateja zitoke kwenye grupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na grupu lenye watu 14, pamoja na waliokwishaacha kazi ambao hakuna aliyekumbuka kuwatoa, si mahali pa kuhifadhi nyaraka za mtu. Tumeni kwa anayehusika tu.

---

FundiZamu

Admini kagusa "waliokwishaacha kazi", na mimi naona bado hatujaongea kuhusu kupokezana. Ndugu mleta mada hukulitaja, lakini kwa mpangilio wako lazima lipo: kijana wa asubuhi anaondoka, wa jioni anaingia, mzigo uko katikati.

Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, lililipuka wakafa watu 167. Pampu moja ilikuwa imeondolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo, na mahali pake pamezibwa kwa muda. Kulikuwa na vibali viwili tofauti, kimoja cha pampu na kingine cha valvu. Zamu ya usiku ilijua habari za pampu, ya valvu haikufika. Pampu ya pili ilipozima wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja. Karatasi ya valvu ilikuwepo. Haikuwa mikononi mwa mtu aliyeihitaji.

Kwenu hakuna gesi, ila kasoro inaweza kuwa ileile: kazi mbili kwenye mzigo mmoja, kila moja na karatasi yake. TRA (mamlaka ya mapato) wamemaliza, wakala wa meli hajamaliza, na anayeingia zamu anaambiwa tu "lile tayari".

Anayetoka na anayeingia wakutane ana kwa ana, dakika 10, karatasi ikiwa katikati yao. Wasipeane taarifa kwa simu mmoja akiwa ameshapanda daladala. Waanze na yaliyokwama, yaliyokwisha yatajwe mwishoni kwa haraka, kwa sababu mtu aliyechoka anapenda kueleza alichofanikiwa na hamu inaishia hapo. Kila mzigo useme hatua ya mwisho iliyokamilika, hatua inayofuata, nani anasubiriwa, na jina la mtu aliyeongea naye dirishani. Anayeingia ndiye asaini, siyo anayetoka. Akishasaini, mzigo ni wake.

Kwa kutoa taarifa ya mkwamo kwenda juu, chukueni mfumo uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, baadaye hospitali za Kaiser Permanente huko huko zikaugeuza kwa matumizi ya wauguzi na madaktari. Una vipengele vinne: hali, chanzo, tathmini, ombi. Kijana anaandika hivi:

"HALI: CSQU 305438 3 halijatoka, nipo getini. CHANZO: DO ina namba inayoishia 1. TATHMINI: leo halitoki bila marekebisho, na siku za bure zinaisha kesho. OMBI: ofisi iwaandikie wakala wa meli kabla ya saa 8 mchana (14:00). Mimi nabaki hapa."

Kipengele cha nne ndicho vijana wanakiogopa, wanaona ni kumfundisha bosi kazi. Waambieni wazi kwamba ujumbe bila ombi utarudishwa. Yeye ndiye anayeona foleni, ofisi haioni.

---

wa_Kurasini

Nimenakili yote. Yakiingia kwa mara moja najua yatafia njiani. Wiki ya kwanza nianze na lipi? Na Tali_Klaki, ile hesabu ya Excel kijana wetu amejaribu, kuna namba moja halali kabisa ya kwenye karatasi inamgomea, baki inatoka 10.

---

Bi_Utawala

Wiki ya kwanza chukua kurudisha agizo peke yake, na lianzie kwa bosi. Weka daftari mezani kwa mtu wa nyaraka apige mstari kila simu inayorudiwa kuuliza jambo lililokwishaagizwa. Asiandike majina, mistari tu. Ijumaa hesabu. Wiki ya pili ongeza namba na saa. Grupu liguse wiki ya tatu, maana hapo ndipo utakapopata upinzani, watu wana mapenzi na grupu lao.

---

Tali_Klaki

Baki ikiwa 10, kisanduku kinaandikwa 0. Mwambie aongeze sharti hilo kwenye fomula. Na aangalie kama herufi L ameipa 23 na V ameipa 34. Wengi husahau kuruka 22 na 33, fomula inakubali baadhi ya namba na kukataa nyingine, wanaishia kulaumu karatasi.